Kiti Kisichoficha Kiungo Chake

Hotuba iliyosomwa mbele ya wahitimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu, Kikwe

Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu, Mwalimu Mkuu, walimu, wahitimu wenzangu, nanyi wanafunzi mlioketi kule nyuma chini ya mti:

Kamati iliponiomba nizungumze iliniachia nichague jambo mwenyewe, mradi lihusu kazi niifanyayo. Kazi yangu ni useremala. Basi leo nitasema habari za viti na meza, na hasa habari za watu fulani wa Uingereza na Marekani ambao, miaka mia moja na ushee iliyopita, waligombana na viwanda vya samani vya nchi zao. Msishangae. Ugomvi wao unafanana sana na huu ulioko leo kando ya barabara ya Arusha na Moshi, baina ya fundi wa Usa River au Tengeru na kabati lililokuja limekunjwa ndani ya boksi.

Mwaka 1851 Waingereza walifanya maonyesho makubwa mjini London ya vitu vilivyotengenezwa kwa mashine. Watu wengi walistaajabu, lakini wachache walichukizwa. Waliona meza zilizojaa nakshi za kubandikwa, maua na majani na vichwa vya simba, na chini ya nakshi hizo mbao duni. John Ruskin, aliyekuwa akiandika wakati huo kitabu chake juu ya mawe ya mji wa Venice, alikwenda mbali zaidi. Alisema kosa kubwa liko kwa mtu aliyekitengeneza kile kitu: mfanyakazi anayefanya kipande kimoja tu maisha yake yote, bila kuruhusiwa kufikiri, anageuzwa kuwa chombo. Kijana mmoja aliyesoma maneno hayo akiwa Oxford ni William Morris. Mwaka 1861 Morris na rafiki zake walifungua kampuni yao ya samani, vioo vya rangi na mapambo ya nyumba, na baadaye, mwaka 1887, chama kilichoundwa London kikaipa harakati hiyo jina lake: Sanaa na Ufundi.

Kazi zao zilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Lakini Morris alikuwa mjamaa, tena wa kweli, na jambo moja lilimsumbua mpaka alipofariki mwaka 1896. Kitu kilichofanywa kwa mkono kwa siku nyingi kinauzwa ghali, na kwa hiyo wanunuzi wake walikuwa matajiri. Mfanyakazi aliyemtetea katika mikutano ya hadhara hakuweza kununua vitu vyake. Shikeni neno hilo, maana nitalirudia.

Tuvuke bahari twende Marekani. Huko maonyesho ya kwanza ya namna hiyo yalifanyika Boston mwaka 1897. Mtu ninayetaka mumjue, hata hivyo, si wa Boston, wala hakuwa msomi. Ni Gustav Stickley, aliyezaliwa mwaka 1858 katika jimbo la Wisconsin, mtoto wa wahamiaji kutoka Ujerumani. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe. Gustav alijifunza kazi katika kiwanda cha viti cha mjomba wake, na kwa miaka mingi alitengeneza viti vya mitindo ya zamani kama wenzake wote. Kisha alisafiri Ulaya, akaona kazi za watu wa Morris, na mwaka 1900 akatoa samani za namna mpya. Mwaka uliofuata alianzisha gazeti lake, The Craftsman, yaani Fundi. Toleo la kwanza alilitoa kwa heshima ya Morris, na la pili kwa heshima ya Ruskin.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye useremala wenyewe.

Mkitazama kiti cha Stickley mtaona mbao nene, zilizonyooka, zisizo na nakshi hata moja. Mguu ni mguu, mkono ni mkono. Ila palipo na kiungo, ulimi wa mbao moja umepita katika tundu la mbao nyingine ukatokeza upande wa pili, na kijiti cha mti kimepigwa kuubana usitoke. Jicho la mnunuzi linaona wazi ni nini kinachokishika kiti. Akitaka kujua kama fundi alikuwa mvivu, aangalie pale ulimi unapotokeza: ukiwa na nafasi pembeni, fundi alikuwa mvivu. Kiungo kilichofichwa chini ya kitambaa na sponji hakimwambii mtu kitu mpaka siku kochi litakapolegea. (Mtindo ulipopata soko walitokea watengenezaji waliobandika ncha za bandia nje ya mguu ili kiti kionekane kina ulimi. Werevu wa namna hii hauna taifa.)

Jambo la pili ni upasuaji wa gogo. Mti una pete za ukuaji, nyote mwajua. Ukipasua gogo moja kwa moja kama mkate, mbao nyingi zinatoka na pete zilizolala, na mbao za namna hiyo zikikauka hukunjamana. Stickley alitumia mwaloni mweupe uliopasuliwa kwanza katika robo nne, halafu kila robo ikakatwa kuelekea kwenye kiini. Mbao zinazopatikana ni chache zaidi na taka ni nyingi, lakini ubao hutulia, hausinyai sana, tena hutoa madoa yanayong'aa ambayo mchoraji hawezi kuyaiga. Rangi ya kahawia aliipata bila rangi: samani ilifungiwa katika chumba chenye mvuke wa amonia, na mvuke ukashikana na tanini iliyomo ndani ya mwaloni, ukaufanya uwe mweusimweusi kama wa miaka mingi.

Wala msidhani alikataa mashine. Mashine zilipasua na kupiga randa, kwa sababu, alivyoona yeye, hakuna heshima yoyote katika kumchosha mtu kwa kazi ambayo msumeno wa moto unaifanya vizuri. Mkono ulibakiziwa mahali panapohitaji akili. Katika hili naona Stickley alikuwa na haki kuliko Ruskin, na fundi yeyote aliyewahi kupasua gogo la mninga kwa msumeno wa watu wawili ataniunga mkono.

Lakini bei? Hata kwa mashine, viti vyake vilikuwa vya watu wa kipato cha kati. Ndipo akafanya jambo ambalo wafanyabiashara wenzake waliliona wazimu. Kuanzia mwaka 1905 alichapa katika gazeti lake michoro na vipimo, ili mtu aliye nyumbani, au mwanafunzi katika karakana ya shule, aweze kujitengenezea. Magazeti mengine yakafuata. Mtindo wenyewe uliruhusu, maana hauhitaji mchonga nakshi: msumeno, randa, patasi, nyundo na skwea vinatosha. Hivyo vijana wengi wa shule za Marekani walijifunza ulimi na tundu kwa kutengeneza stuli na rafu za vitabu za mtindo huo. Kwa maoni yangu hapo ndipo swali la Morris lilipokaribia kupata jibu. Maskini asiyeweza kununua kiti kizuri anaweza kufundishwa kukitengeneza.

Stickley mwenyewe aliishia vibaya. Mwaka 1913 alichukua jengo la ghorofa 12 mjini New York, wakati waigaji wamejaa sokoni na watu wameanza kupenda mitindo mingine. Mwaka 1915 alifilisika, na mwaka 1916 gazeti likafa. Alifariki mwaka 1942, dunia ikiwa imemsahau. Kampuni ya ndugu zake wawili ilinusurika, na ipo hata leo. Mwaka 1988 kabati la vyombo lililokuwa la nyumba yake Syracuse liliuzwa mnadani kwa dola 363,000, likanunuliwa na mwimbaji Barbra Streisand. Samani za mtu aliyegawa michoro bure sasa zinanunuliwa na matajiri tu.

Sasa, hayo yanatuhusu nini sisi tulio chini ya Mlima Meru?

Kazi za mikono shuleni zilitufikia pia, ila kwa mlango mwingine. Kule Marekani, mbali na akina Stickley, kulikuwa na shule za Hampton, ya mwaka 1868, na Tuskegee ya Booker T. Washington, ya mwaka 1881, zilizowafundisha Waamerika weusi pamoja na masomo mengine kazi za shamba, uashi na useremala. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwamo. Mkuu wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Dakta James Aggrey, mwana wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ilishauri elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Serikali za kikoloni zililipokea shauri hilo kwa furaha, na furaha yenyewe ilitosha kumtia mtu mashaka. Msomi W. E. B. Du Bois alipinga waziwazi, akiona kwamba elimu ya namna hiyo itamfunga Mwafrika katika utumishi.

Tazameni tofauti. Morris, mtu mwenye mali na shahada ya Oxford, alishika kazi ya mikono kwa hiari yake, akaipandisha hadhi. Mtoto wa Tanganyika alipewa randa mkononi ili asiulizie kalamu. Ndiyo sababu wazazi wengi walimpeleka mtoto shule apate kuikimbia randa, wala siwalaumu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alijaribu kuviunganisha tena kichwa na mkono, na maandishi yake juu ya jambo hilo yangali yanafaa kusomwa. Lakini twajua mambo yalivyokuwa katika shule nyingi: aliyechelewa kengele akafyeke, aliyepiga kelele akalime. Kazi ikawa fimbo. Huwezi kumwadhibu mtoto kwa jembe miaka minne, kisha ukamwambia kazi ni heshima akakuamini.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na mwanafunzi anaweza sasa kusoma ufundi kama somo lenye mtihani wake. Nafurahi, lakini nina hofu. Amali isiyo na mbao kavu, isiyo na patasi zinazokata, itakuwa picha za useremala ubaoni.

Nasema mbao kavu kwa makusudi. Fundi wetu wa barabarani ana mkono mzuri. Kinachomwangusha ni mbao mbichi. Mteja ana haraka, mtaji ni mdogo, mti uliopasuliwa wiki iliyopita leo ni mlango. Ubao ukikauka ndani ya nyumba unasinyaa kwa upana, kiungo kinalegea, mlango unapasuka katikati. Kisha twasema samani za nje ni bora! Kabati la boksi, lililotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi, likilowa maji mara moja linavimba kama andazi na halitengenezeki tena. Linaushinda mlango wetu kwa jambo moja tu: lilikuwa kavu siku liliponunuliwa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mafundi wa zamani walihesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene, mbao zimepangwa kivulini na vijiti katikati ili upepo upite. Na ubao mpana wa mlango usigandishwe kwa gundi wala kupigwa misumari pande zote. Uachwe huru ndani ya mfereji wa fremu, upate kutanuka wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Hayo mawili yakifuatwa, malalamiko mengi yanakwisha.

Mti tunao. Mringaringa umesimama katika mashamba yetu ya kahawa na migomba tangu zama za babu zetu, ukitoa kivuli, maua yake meupe yakilisha nyuki. Mbao yake ni ya kahawia, nyepesi, laini kwa randa. Wengi tumeitumia kwa mizinga na ngoma, tukaagiza mninga kutoka Tabora kwa bei ya kuumiza, huku mringaringa wa nyumbani ukikatwa kuni.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta ombi. Chama chetu kimezoea kuchangia viti vya plastiki na rangi ya ukuta. Mwaka huu tuchangie banda la kukaushia mbao nyuma ya madarasa, benchi sita za kazi, na patasi na randa za kutosha benchi hizo. Mwenye mringaringa uliozeeka shambani mwake, na kibali cha kuukata kutoka ofisi ya misitu, autoe gogo moja. Mimi nitasimamia upasuaji wake kwa robo, bila malipo. Mbao zikipangwa kabla ya Krismasi, za inchi moja zitakuwa tayari mwakani wakati kama huu. Kazi ya kwanza iwe stuli, moja kwa kila mwanafunzi, ulimi ukitokeza nje, na jina la aliyeitengeneza likiandikwa chini ya kiti.

Nimeleta stuli moja ya namna hiyo, iko pale mezani kwa Katibu. Wanafunzi, njooni muigeuze muitazame. Haina msumari hata mmoja. Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza, na niko tayari kwa maswali.