Ulanguzi wa Mafuta na Wajibu wa Mtawala

Tunamshukuru Allah (s.w.), na tunamuomba rehema na amani zimshukie Mtume wetu (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, mafuta yakipanda, nauli hupanda na unga hupanda, na mwenye kuumia zaidi ni mnyonge asiyemiliki hata baiskeli. Basi tujiulize: bei hii huletwa na nini?

Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147 katika soko la New York. Kabla ya mwaka huo kwisha, likashuka chini ya dola 40. Visima havikukauka Julai vikafurika Desemba! Ni kweli kwamba mahitaji ya China yalikuwa yamekua, kisha msukosuko wa uchumi ukapunguza matumizi duniani. Na wataalamu wangali wanahitilafiana kuhusu sehemu ya ulanguzi katika kupanda kule. Lakini fedha nyingi ziliingia sokoni kutoka kwa watu wasiohitaji hata lita moja.

Mkataba mmoja katika soko lile ni wa mapipa 1,000 ya miezi ijayo. Shirika la ndege hununua ili kujikinga na bei ya kesho. Mlanguzi hutoa dhamana ndogo, hununua karatasi, na kabla ya siku ya makabidhiano huiuza kwa mwingine.

Sheria yetu haikulinyamazia jambo hili. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuuza asichokuwa nacho, na alikemea ihtikari, yaani kuhodhi bidhaa ili ighalike. Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah, liliamua kwamba mikataba ya namna hii haijuzu.

Wapo wanaosema: Mtume (s.a.w.) alikataa kupanga bei, basi serikali iliache soko. Ibn Taymiyya aliwajibu katika kitabu chake juu ya hisba. Bei ikipanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa wanunuzi, kuwalazimisha wauzaji ni dhulma. Wakizuia bidhaa ambayo watu wanaihitaji, kuwalazimisha kuuza kwa bei ya haki ni wajibu.

Wenye soko wenyewe wamekiri haja ya usimamizi, ila kwa kusitasita. Marekani iliunda tume ya kusimamia masoko hayo mwaka 1974, kisha sheria ya mwaka 2000 ikaitoa mikataba mingi ya nishati mikononi mwake. Sheria ya mwaka 2010 ikaagiza kuwekwa ukomo wa mikataba. Kanuni ya kwanza ikatenguliwa mahakamani mwaka 2012, na nyingine haikupitishwa hadi Oktoba 2020.

Huku kwetu, mamlaka za Tanzania na Kenya hutangaza bei kikomo kila mwezi. Hilo humzuia mwenye kituo, lakini kikomo chenyewe hufuata soko la dunia. Kwa hiyo serikali zetu zina haki ya kudai usimamizi huko bei inakozaliwa.

Nasi tusijitoe. Mwenye kituo anayefunga pampu akingoja bei mpya ametenda kosa lile lile, ingawa kwa pipa moja. Tusimtetee kwa kuwa ni ndugu yetu.

Wabillahi tawfiq.