Mashine ya kuchonga haina macho



Yapo mazoea katika karakana nyingi ya kudhani kwamba mashine ikiwa ndogo, basi na hatari yake ni ndogo. Mazoea hayo hayana msingi. Yanazidi kuleta madhara wakati huu ambapo mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, zile ambazo mafundi huziita kwa herufi tatu za CNC, zinauzwa katika maboksi kama vyerehani, na kufunguliwa mezani na watu ambao hawajapata kushika hata patasi. Mwalimu wa sayansi hununua moja kwa ajili ya klabu ya wanafunzi wake. Karani huiweka chumbani ili achonge vibao vya majina jioni baada ya kazi. Hakuna ubaya wowote katika hayo. Ubaya uko katika kuiwasha kwanza na kujifunza baadaye.

Asili ya mashine hizi yafaa ijulikane, maana inaeleza mengi. Ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, kutokana na fikra za John Parsons, mtu wa Michigan aliyeshughulika na utengenezaji wa mapanga ya helikopta. Ilisoma amri zake katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kwa miaka mingi mashine za namna hiyo zilibaki viwandani, mikononi mwa watu waliofundishwa kazi. Mnamo mwaka 2009 Mnorwei mmoja, Simen Svale Skogsrud, alitoa programu iitwayo Grbl, ambayo huweza kukaa katika kibao kidogo cha elektroniki aina ya Arduino, na ambayo yeyote aliruhusiwa kuitumia bila malipo. Hapo mlango ukafunguka. Leo mashine inayojulikana sana miongoni mwa wanaoanza ni ile iitwayo 3018, jina lililotokana na eneo lake la kazi, yaani sentimita 30 kwa 18.

Lakini mashine ilipotoka kiwandani kuja mezani, iliacha nyuma kitu kimoja kikubwa. Ile ya kiwandani hufungiwa ndani ya kabati la chuma, na mlango wa kabati ukifunguliwa kazi husimama. Juu ya hayo ipo sheria. Nchini Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtwika mwajiri jukumu la kuwalinda watu wanaofanya kazi kwake. Mashine ya mezani iko wazi pande zote, na chumbani mwa karani hamna mwajiri wala mkaguzi. Anayeanza ndiye fundi, na hapana budi awe pia mkaguzi wa nafsi yake.

Ili mtu aweze kujikagua, lazima kwanza afahamu jambo moja kuhusu tabia ya mashine yenyewe: haioni. Seremala mwenye randa huhisi fundo la mti kabla chuma hakijalifikia, akalegeza mkono. Mashine hii haina hisia hiyo. Mota zake huenda kwa hatua, aghalabu hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na kibao cha elektroniki hujua mahali kisu kilipo kwa kuhesabu tu hatua kilizoamuru. Kisu kikigonga kibanio cha chuma, mota huteleza na kunguruma, lakini hesabu huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Tangu hapo kila mchongo utakuwa mahali pasipo pake, na mashine itauchonga kwa utiifu uleule.

Hali kadhalika umeme ukikatika. Wananchi wa sehemu hizi hawahitaji kuelezwa habari za umeme kukatika katikati ya kazi. Linalohitaji kuelezwa ni kwamba unaporudi, mashine haikumbuki ilikuwa wapi. Kuibonyeza iendelee pale ilipoishia ni kumwamuru kipofu akimbie katika nyumba ambayo samani zake zimehamishwa. Swichi ya mota ya kisu izimwe mara umeme unapokatika, kisu kiinuliwe mbali na ubao, na kipimo cha kuanzia kitafutwe upya.

Lugha ya mashine nayo ni ya amri fupi zisizo na nafasi ya kubahatisha. G0 ina maana ya kwenda upesi kadiri iwezekanavyo bila kuchonga. G1 ni kwenda kwa mwendo uliopangwa, wakati wa kuchonga. M3 huzungusha kisu, M5 hukisimamisha. G21 huiambia mashine kwamba nambari zinazofuata ni milimita, na G20 huiambia kwamba ni inchi. Tofauti ya amri hizi mbili za mwisho ni tarakimu moja tu katika maandishi, lakini mezani ni mara 25.4. Nambari 2 iliyokusudiwa milimita mbili za kushuka, ikisomwa kuwa inchi, hugeuka kuwa milimita 50.8, na mashine nyingi za 3018 zina nafasi ya kiasi cha milimita 45 tu kutoka juu hadi chini. Kisu kitashuka mpaka kivunjike au mpaka kichwa chote kigote mezani. Kisu chenyewe ni kigumu na chepesi kuvunjika, na kipande chake hurushwa kwa nguvu upande wowote, ukiwamo ule wa uso wa anayetazama. Kwa sababu hiyo miwani ya usalama huvaliwa kabla ya swichi kuwashwa, wala haivuliwi eti kwa kuwa kazi ni ya dakika mbili.

Basi anayeanza na aanze bila kisu. Siku ya kwanza hufaa afunge kalamu ya wino mahali pa kisu, abandike karatasi mezani, na aache mashine ichore. Kalamu itamwonyesha ni upande upi mashine huuhesabu kuwa mbele, mahali sifuri ilipo, na kama mchoro umegeuzwa au umekuzwa. Kosa lote litagharimu karatasi. Siku ya pili afunge kisu lakini aweke sifuri juu, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye ubao, na aiache mashine ichonge hewa huku akifuatilia kila mruko wa G0: je, unapita juu ya vibanio au unapita ndani yake? Wapo watakaoona kwamba huku ni kupoteza wakati. Dereva hafundishwi kwa kutiwa barabarani saa ya msongamano, na hakuna anayelalamika kuwa amepotezewa wakati.

Sifuri ya kimo, yaani mahali ambapo ncha ya kisu hugusa uso wa ubao, ndiyo inayowasumbua wengi. Njia ya kale ni nzuri bado: kisu kikiwa kimesimama kabisa, karatasi nyembamba huwekwa juu ya ubao, kisu hushushwa kidogo kidogo huku karatasi ikisogezwa kwa kidole, mpaka karatasi ianze kukwama. Unene wa karatasi ya kawaida ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kiasi hicho huingizwa katika hesabu. Kisu kibadilishwapo, hata kwa kingine cha aina ileile, sifuri hutafutwa upya, maana urefu unaojitokeza haulingani tena.

Kuhusu kuushika ubao, neno ni moja: ubao haushikwi kwa mkono. Hushikwa kwa jiliwa, kwa vibanio vya pande mbili au zaidi, au kwa skrubu zilizopigwa mbali na njia ya kisu. Ubao uliolegea hunyanyuliwa na kisu, ukazungushwa na kutupwa. Na silika ya mtu auonapo ubao ukitikisika ni kuunyoshea mkono. Silika hiyo ndiyo ya kuizoeza vingine. Mkono unaostahili kunyooka uende kwenye swichi.

Na swichi yenyewe iko wapi? Katika nyumba nyingi soketi ya ukutani iko nyuma ya meza, na anayetaka kuzima humlazimu kupitisha mkono juu ya kisu kinachozunguka. Huo ni mpango mbaya. Kama mashine haina kitufe chekundu cha dharura, waya wa kurefushia wenye swichi uwekwe mbele, upande ule mtu anaosimama, pasipo kitu kilichofunikwa juu yake. Yapasa pia kujua kwamba kusimamisha mwendo na kusimamisha kisu ni mambo mawili. Katika Grbl, amri ya kungoja huzuia meza na kichwa visisogee, lakini kisu huendelea kuzunguka. Aliyeona mashine imetulia akapeleka vidole kutoa maranda atakuwa ameamini kimya kisichokuwapo.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wanaoanza, nalo ni kwamba woga wa mwendo huleta hatari yake. Mtu aliyeogopa hupunguza mwendo wa kusogeza kisu, akidhani anajilinda. Chukua kisu chenye makali mawili, kinachozunguka mara 10,000 kwa dakika. Ikiwa kila kali linatakiwa limege ubao kwa unene wa milimita 0.03, mwendo unaofaa ni 10,000 mara 2 mara 0.03, yaani milimita 600 kwa dakika. Akiushusha hadi 60, kila kali litamega milimita 0.003, kiasi ambacho kwa hakika si kumega bali ni kusugua. Msuguano huleta joto; kisu hupoteza makali, ubao hubadilika rangi ukawa mweusi, na moshi huanza. Dalili ya kazi njema ni maranda madogo yanayoshikika. Ukitoka unga mtupu, au harufu ya kuungua, ama mwendo ni mdogo mno au kisu kimekwisha makali. Mwenye kutaka kujihadhari na apunguze kina, achonge nusu milimita kwa kila mpito badala ya mbili, na mwendo auache mahali pake.

Hapa ndipo habari ya moto inapoingia. Ikiwa kompyuta inayotuma amri italala usingizi wake wa kuokoa umeme, au waya wake ukachomoka, mashine husimama mahali pamoja huku kisu kikizunguka ndani ya ubao. Dakika chache hutosha kutoa kaa la moto, na palipo na mashine ya kufyonza vumbi kaa hilo hunyonywa na kupelekwa katikati ya mfuko uliojaa unga wa mbao. Kompyuta izuiwe isilale. Kizimia moto kiwe karibu. Na mashine isiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda kuchukua chai.

Vumbi lenyewe halina budi kupewa heshima yake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule, mti unaopendwa sana na maseremala wa huku, linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana pumzi. Vibao vya saketi za umeme vina nyuzi za kioo, na vumbi lake halifai kupulizwa kwa mdomo wala kufagiliwa likiwa kavu. Barakoa iwe ya kuzuia vumbi laini. Kitambaa kilichofungwa puani ni desturi tu.

Mavazi nayo yana neno. Watumishi wa ofisini hupenda tai, na tai ni kamba iliyofungwa shingoni mwa mtu aliyeinama karibu na chuma kinachozunguka. Ivuliwe. Mikono ya kanzu ikunjwe, ncha za ushungi wa mwanafunzi ziingizwe ndani ya vazi, pete na saa zitolewe, nywele ndefu zifungwe. Glavu, ambazo wengi huzidhani kuwa kinga, hazivaliwi wakati kisu kinazunguka, kwa kuwa huvutwa zikavuta na mkono. Kwa mashine zinazouzwa na taa ya leza ya kuchomea, miwani ya kawaida ya karakana haitoshi. Yahitajika ile iliyotengenezwa kwa rangi ya mwanga wa leza hiyo, na aliye chumbani naye avae. Plastiki ya PVC isichomwe kwa leza kabisa, maana hutoa gesi ya asidi.

Ndugu walimu, shuleni taabu kubwa huwa ni umati. Wanafunzi arobaini huizunguka meza moja, kila mmoja akitaka kuona ncha ya kisu. Utaratibu unaowezekana ni wa watu wawili mezani na wengine nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni: mmoja huendesha kompyuta, wa pili hana kazi nyingine ila kutazama kisu na kukaa na mkono karibu na swichi. Huyo wa pili apewe mamlaka ya kuzima bila kuomba ruhusa, hata ya mwalimu, na asikemewe akizima bure. Kazi ikiisha hungoja mpaka kisu kisimame chenyewe, huchomoa waya ukutani kabla ya spana kugusa nati ya kisu, kisha huondoa maranda kwa brashi.