Pemba si kituko cha televisheni

Mwaka 2010 kituo cha TLC cha Marekani kilianza kurusha My Strange Addiction, kipindi cha watu wenye uraibu usio wa kawaida. Huyu anakula sponji ya kochi, yule karatasi za chooni. Mtazamaji anashangaa, anacheka, anabadili chaneli.

Kwetu hapa Tanzania, kuanzia Didia hadi Geita, hakuna anayemshangaa mama mjamzito akinunua pemba, vile vijiti vya udongo vya kutafuna. Tumezoea mno, na mazoea haya yananitia hofu kuliko kicheko cha watazamaji wale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wajawazito 340 katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita uliwakuta 155 wakila udongo. Udongo wenyewe ulipopimwa ulikutwa na aseniki, ambayo ni sumu. Mtoto aliye tumboni hakuichagua.

Hamu ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Ukimkemea mama, au ukimcheka, ataendelea kutafuna kwa kujificha, na huko mafichoni hakuna wa kumsaidia. Apimwe damu, apewe vidonge vya madini chuma, aelezwe hatari kwa lugha ya heshima. Wauguzi wetu, waulizeni wajawazito habari za pemba kila wanapohudhuria kliniki. Nawe mama unayenisikiliza, ukiulizwa, sema bila aibu.