Ada ya Wakili Ijulikane Mapema



Mama muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, amekopesha magunia kumi na mnunuzi hataki kulipa. Aende wapi? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewekwa kwa ajili ya wasio na uwezo, nao husaidiwa bure. Tajiri ana wakili wake. Mama huyu si fukara wala si tajiri, na mtaji wake mdogo ndio unaoteketea. Anaogopa mlango wa wakili kwa kuwa hajui atadaiwa kiasi gani. Asije akapoteza magunia na ada pia. Basi hunyamaza, na mdhulumaji huenda kumdhulumu mwingine.

Nawaomba mawakili wa Mwanza wataje ada kwa maandishi kabla ya kazi kuanza: barua ya madai kiasi hiki, mkataba kiasi hiki, bila nyongeza. Nanyi wafanyabiashara, changeni mfuko wa kulipia ada hizo. Tena kila mkopo uandikwe mbele ya mashahidi. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Hati yenu itasomwa kama mlivyoiandika.

Mali bila daftari hupotea bila habari.