Kukodi Jina au Kujenga Jina?

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo lililokwisha kuingizwa katika makisio ya baadhi ya vyama vyenu, nalo ni kufungua mkahawa au duka la vinywaji chini ya jina la kampuni kubwa. Sikuja kulipinga wala kulisifu. Nawaomba mlipime kabla Mkutano Mkuu haujanyosha mikono, kwa maana fedha zitakazotumika ni akiba iliyokatwa katika kilo za kahawa za mwanachama.

Njia ya kwanza ni soda. Mwaka 1899 Asa Candler, mwenye Coca-Cola, aliwauzia mawakili wawili wa Chattanooga, Marekani, haki ya kutia soda hiyo katika chupa kwa dola 1 tu. Mkataba haukuwa na tarehe ya mwisho, na bei ya sharubati yake ilikwisha kufungwa. Sukari ilipopanda bei wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ilijikuta imefungwa kwa kalamu yake yenyewe. Ikiwa mwenye jina aliweza kujifunga, sembuse mwenye kulikodi?

Chama cha msingi hakitajenga kiwanda, kitakuwa wakala. Wakala hununua soda na kuiuza, lakini faida ya kila kreti ni ndogo, na mtaji mwingi hulala katika kreti na chupa tupu. Chama kimoja nilichokikagua kilionyesha faida ya soda kila mwezi. Tulipohesabu chupa stoo, upungufu uliimeza faida yote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia ya pili ni kukodi jina la mkahawa. Mwenye kukodi hupata jina linalojulikana, mafunzo ya watumishi na utaratibu wa kazi uliokwisha kujaribiwa. Hayo si madogo. Lakini yana bei. Kampuni ya Dunkin', iliyoanza kukodisha jina lake mwaka 1955, hutoza huko Marekani mrabaha wa asilimia 5.9 ya mauzo, na asilimia 5 nyingine kwa ajili ya matangazo, mbali na ada ya kuingilia. Sikilizeni vizuri: ni ya mauzo, si ya faida. Kwa viwango hivyo, chama kikiuza kwa shilingi 10,000,000 katika mwezi, shilingi 1,090,000 huondoka kabla ya mishahara, pango na sukari kulipwa. Mwezi wa hasara nao hulipiwa.

Njia ya tatu ni kujenga jina lenu. Shirikisho la wakulima wa kahawa wa Kolombia, lililoundwa mwaka 1927, lilibuni jina la Juan Valdez mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 2002 likafungua duka lake la kwanza katika uwanja wa ndege wa Bogotá. Huko mkulima hakodi jina. Mrabaha wa jina humrudia yeye. Lakini tazameni miaka iliyopita katikati. Hapa kwetu KNCU, iliyoandikishwa mwaka 1933, nayo ilifungua Union Café mjini Moshi, wageni wakanywa kahawa ya wanachama.

Basi mkiletewa mkataba, ulizeni: Mrabaha unahesabiwa juu ya nini? Mkataba unakwisha lini, na mashine zitabaki kwa nani? Deni litapita ukomo wa madeni wa chama? Na zaidi ya yote, kahawa itatoka wapi? Makampuni mengi humlazimisha mwenye kukodi kununua kahawa yao. Itakuwa aibu chama cha wakulima kukopa fedha ili kiuze kahawa ya wengine, na ya wanachama imelala ghalani.

Sheria ya Marekani humtaka mwenye jina atoe maelezo yote ya biashara kwa maandishi siku 14 kabla ya sahihi au malipo. Nanyi dai hilo lisiwatie haya. Atakayewaharakisha, mwacheni aende.

Rai yangu ni hii: anzeni na chumba kimoja, kahawa yenu, na daftari safi. Baada ya mwaka mmoja, hesabu zenyewe zitawaambia kama mnahitaji jina la mtu mwingine.