Enenda Kwanza kwa Ndugu Yako

Masomo: Mathayo 5:21-26, Luka 19:1-10



Bwana wetu alipofundisha mlimani alisema jambo ambalo sisi twalisoma upesi na kulipita. Alisema kwamba mtu akifika madhabahuni na sadaka yake, na hapo akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kupatana naye, ndipo arudi kuitoa. Angalieni vizuri, wapendwa. Anayetumwa hapa si yule aliyekosewa. Aliyekosewa huenda yuko nyumbani na uchungu wake. Aliyekosa ndiye yuko ibadani, amevaa vizuri, sadaka i mkononi. Huyo ndiye anayeambiwa aondoke. Na maneno haya yalinenwa Galilaya, hali madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Bwana alijua kwamba safari ni ndefu, naye hakuifupisha.

Huku kwetu Mitunguu safari hiyo ni fupi sana. Mara nyingi ni kuvuka mpaka wa shamba tu. Nchi yetu ni ya chini na jua lake ni kali kuliko kule juu Nkubu. Katika miaka ya 1980 maji ya mto Thingithu yaliletwa mashambani kwa mabomba, kwa msaada wa Ujerumani, na tangu hapo ndizi zimelipa karo za watoto na kuezeka nyumba nyingi. Twamshukuru Mungu kwa baraka hiyo. Lakini penye maji pana ugomvi, hasa wakati wa kiangazi. Mtu huamka usiku, na zamu si yake, akayafungulia maji shamba lake. Asubuhi migomba yake imelowa, ya jirani imenyauka. Jumapili wote wawili wamo kanisani, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakiimba wimbo mmoja. Yule wa kwanza husimama kushuhudia: Bwana asifiwe, nimeokoka, nampenda Yesu. Jirani yake huinamisha kichwa. Yeye anazijua habari za maji.

Wako wasemao, "Mimi nimekwisha kutubu mbele za Mungu, naye amenisamehe. Ya nini kumwendea mwanadamu?" Ni kweli, wapendwa, twasamehewa bure, kwa neema, kwa damu ya Kristo peke yake. Hakuna mtu aliyepata kununua msamaha wa Mungu kwa kurudisha mbuzi wa jirani. Lakini hebu tumtazame Zakayo. Bwana alimwita kutoka juu ya mkuyu fedha za watu zingali nyumbani mwake. Hakumwambia, "Rudisha kwanza, ndipo nije kwako." Neema ilitangulia kuingia mlangoni. Lakini ilipoingia neema, fedha za watu zilitoka. Torati, katika Walawi sura ya 6, ilimtaka mwenye kudhulumu arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Je, alikuwa akinunua wokovu? La hasha! Wokovu ndio uliomfungua mkono.

Ndivyo walivyoelewa ndugu zetu wa Uamsho. Moto ule uliwaka Gahini katika Rwanda, na Uganda pia, katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 ukafika Kabete hapa Kenya. Watu walioguswa na Roho walirudisha mifugo, fedha na vitu walivyoviiba. Waliwaendea watu waliowachukia. Hata Waafrika na wamisionari wakaombana radhi. Watu wa nje waliuamini ushuhuda wao kwa kuwa ulikuwa na miguu. Sisi leo tumerithi maneno yao. Twasema juu ya kutembea nuruni na kuvunjika mbele za Bwana. Tukiyashika maneno na kuiacha safari ya kwenda kwa jirani, tumeshika ganda la ndizi na kuitupa ndizi yenyewe.

Huenda yuko msikilizaji asemaye, "Nilikwenda, nikafukuzwa langoni." Ndugu, usivunjike moyo. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 humwagiza kasisi asiwape Meza ya Bwana watu ambao chuki inatawala kati yao, hata wapatane. Lakini huongeza kwamba, ikiwa mmoja yuko tayari kusamehe kwa moyo na kutengeneza alilokosa, na mwenzake ameshupaza shingo, aliye tayari apokewe. Na Paulo, katika Warumi 12:18, atutaka tuwe na amani na watu wote kwa upande wetu, kadiri inavyowezekana. Upande wa mwenzako hukupewa kuubeba.

Nawe uliyekosewa, neno lako ni hili. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Uganda chini ya utawala wa Idi Amin, na Askofu Festo Kivengere akakimbilia nje ya nchi. Yeye mwenyewe alishuhudia kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa London, alitazama msalaba akaiona chuki iliyokuwa moyoni mwake, akajua kwamba imempasa kumsamehe Amin. Hakungoja Amin aje kuomba radhi. Wala hakuuita uovu wema, aliendelea kuukemea. Ikiwa mtu aliweza kusamehe damu ya rafiki yake, je, sisi tutashindwa kusamehe maji?

Kamati ya maji yaweza kupanga zamu, na wazee wa Njuri Ncheke waweza kuamua mpaka. Twawaheshimu kwa kazi yao. Lakini kuung'oa uchungu ndani ya moyo ni kazi ya msalaba.

Basi, kabla ya Jumapili ijayo, enenda. Usimtume mchungaji, wala usingoje mkutane njiani. Enenda mwenyewe, utaje ulilolitenda kwa jina lake. Usiseme, "Kama nimekukosea," hali wajua umekosa. Usichukue maelezo mengi. Ukiwa ulimharibia, chukua cha kulipa. Kisha njoo kanisani na sadaka yako, nasi tutaketi pamoja nawe mezani pa Bwana.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyetuendea sisi tulipokuwa adui zako, tupe miguu ya kuwaendea ndugu zetu. Walainishe walioumizwa, wape ujasiri waliokosa, na uliponye Kanisa lako. Kwa jina lako twaomba. Amina.