Hesabu ni Mizani ya Mshiriki

Hotuba kwa vijana wanaosomea uchumi na fedha, katika sherehe ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu



Nimeombwa kusema nanyi habari za hesabu. Najua wengi wenu mmekwisha kuchoshwa na herufi za ubaoni, hata mkauliza: zina uhusiano gani na pamba ya Shinyanga au dhahabu ya Geita? Jibu langu ni kwamba ushirika wenyewe, katika nchi hii ya Ziwa, ulizaliwa na swali la hesabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa na shaka juu ya mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe ili kuulinganisha uzito. Vyama vikaenea, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kiongozi wake mashuhuri, Paul Bomani, baada ya Uhuru alikuwa Waziri wa Fedha.

Sasa tuandike kanuni: malipo ni uzito mara bei, yaani M = U × B. Tuseme mkulima ana kilo 400, na bei ni shilingi 1,200. Haki yake ni shilingi 480,000. Mizani ikipunja tano kwa mia, itasoma kilo 380, naye atapoteza shilingi 24,000. Wakulima 300 wa namna hiyo watapoteza shilingi 7,200,000. Angalieni: kanuni ni ya kweli, lakini jibu ni la uongo, kwa kuwa U ni ya uongo. Mtaalamu asiyekagua mizani hana utaalamu.

Kadhalika kwa dhahabu. Gramu 10 za karati 18 zina gramu 7.5 tu za dhahabu safi, kwa maana dhahabu safi ni karati 24. Mchimbaji asiyejua sehemu hiyo hupokea bei asiyoweza kuihoji.

Tena, bei ikishuka kutoka shilingi 1,200 kwa robo, huwa 900. Ikipanda robo, hairudi 1,200, bali hufika 1,125. Maana robo ya pili ni ya kiasi kilichopungua.

La mwisho ni riba. Mtu akikopa shilingi 100,000 kwa riba ya kumi kwa mia kila mwezi, asilipe chochote kwa mwaka, riba ya kawaida humfikisha 220,000. Lakini riba ikizaa riba, deni huwa 100,000 mara 1.1 iliyozidishwa mara kumi na mbili, yaani karibu 313,843. Tofauti hiyo yaweza kuwa ng'ombe wa mjane.

Vijana, mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Sheria yaweza kurudisha chama. Imani ya mshiriki hurudishwa na daftari safi. Marehemu baba yangu hakujua kusoma. Kwa kila kapu la pamba aliweka kijiti kimoja darini, na siku ya malipo alivihesabu mbele ya karani. Ninyi mmepewa kalamu badala ya vijiti. Msiitumie kumfumba macho mzee wa namna ile, bali keti naye mumhesabie hadi aridhike.

Ushirika udumu.